Mutu Moya

Mchoro wa Pierre ulikuwa na tabia za Pierre mwenyewe: haukupenda kuguswa. Pascaline alilijua hilo tangu siku za kujifunza, alipokuwa akiketi kando yake kwenye karakana, pale Kasongo, akimtazama akichora kwa kompyuta baiskeli za mikono. Ni zile za magurudumu matatu, ambazo mtu asiyeweza kutembea huketi na kuzungusha pedali kwa mikono yake. Kila mwili una urefu wake, na kuchora upya kwa kila mteja ni kujitafutia uzee wa mapema, kwa hiyo Pierre alichora baiskeli moja tu. Unaandika vipimo vitano vya mtu kwenye jedwali, na fremu, kiti, mlingoti wa pedali na kibao cha miguu vinajipanga vyenyewe. Vipimo vingine vyote alivifunga. Ukibofya kimojawapo kinatokea kijikufuli na maneno kwamba kipimo hiki kinaongozwa na mlinganyo, yaani toa mkono wako.

Kisha Pierre akapata kazi Kindu, akaondoka, na Pascaline akarithi kiti, kompyuta na kufuli zote. Baiskeli kumi na tisa zilitoka mikononi mwake bila matata. Ya ishirini ndiyo iliyomtoa jasho.

Karatasi yake ililetwa na Nourdine, dereva wa pikipiki anayebeba watu na vifurushi kati ya Kasongo na upande wa Kabambare. Ilitoka Lusangi. Mwandiko ulikuwa wa mama, wa herufi kubwa zilizotulia: Falonne, miaka kumi na mmoja, alitumbukia kwenye shimo la zamani la wachimbaji, uti wa mgongo ukaumia, na kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu. Yuko darasa la sita. Mama yake, Arlette, humbeba mgongoni kumpeleka shule, na mtoto sasa anakuwa mzito. Chini yake zilifuata namba tano. Mikono, upana wa kiti, urefu wa mgongo, nyonga hadi goti sentimita arobaini na tatu, goti hadi kisigino thelathini na tisa.

Pascaline akaziandika kwenye jedwali, akabonyeza, na baiskeli nzima ikageuka nyekundu.

Kwanza alidhani ni mkato. Kompyuta ile ilitaka nukta penye desimali, na sisi tuliosoma shule za Kifaransa mkono unakwenda kwenye mkato wenyewe. Haikuwa hivyo. Akaangalia kama sentimita zimesomwa kuwa milimita. Zilikuwa sawa. Akaanza kuondoa viungo kimoja kimoja, kama mtu anayetoa vyombo nje ya nyumba akitafuta panya. Akatoa kibao cha miguu, nyekundu ikabaki. Akakirudisha, akatoa kiti, nyekundu ikabaki. Alipotoa mlingoti wa pedali kila kitu kikatulia. Basi ugonjwa ulikuwa humo.

Akaufungua mlingoti. Urefu wake ulikuwa na kufuli. Kufuli lilimpeleka kwenye orodha ya milinganyo, safu thelathini na nane, kila moja ikimtaja mwenzake. Alizinakili zote kwenye daftari, akachora mishale, hii inakula ile, ile inakula nyingine, hadi ukurasa ukachafuka. Kazi hiyo ilimla siku mbili. Mwisho wa mishale yote alikuta safu moja ambayo hakuwahi kuitazama, kwa sababu haikuwahi kumsumbua. Ilikuwa na jina la nyumbani kabisa: MUTU_MOYA.

Safu hiyo ilichukua urefu wa miguu, ikaugawa kwa urefu wa mikono. Jibu likiangukia kati ya namba mbili alizoziweka Pierre, safu ilitoa moja. Likitoka nje ya hapo, ilitoa sifuri. Na urefu wa mlingoti, Pierre kwa ujanja wake, aliugawa kwa safu hiyo. Kugawa kwa sifuri hakuna kompyuta inayokuweza. Kwa hiyo haikuwa kosa lililojitokeza kwa bahati mbaya. Pierre aliutega mchoro makusudi, ukatae.

Ukatae nini? Pascaline alilisoma lile jina, akalisoma tena. Mutu moya. Mtu mmoja. Na nyuma ya kiti cha baiskeli hizi kuna ubao wa mizigo, na kila mtu Kasongo anajua mzigo wenyewe ni nini: mdogo wa mwenye baiskeli, na juu yake mdogo mwingine, na pengine debe la mawese. Pierre alikuwa akilalamikia jambo hilo kila wiki. Miguu mirefu ni mwili mzito, mikono mifupi ni nguvu haba. Hapo mchoro unakataa ubao wa nyuma, unataka baiskeli ya mtu mmoja. Maelezo yalikuja yenyewe na yakakaa vizuri kichwani, na maelezo yanayokaa vizuri mtu hayaulizi swali la pili.

Alijaribu kumpigia Pierre. Mtandao ulikuwa umelala tangu Jumapili. Tuseme ukweli lakini, hata ungekuwepo angempigia shingo upande. Pierre aliwahi kumwambia mbele ya mafundi wote asiguse asichokijua, na maneno yale bado yalikuwa yamemkaa kooni.

Fundi Christophe, mzee wa kulehemu, akachungulia mlangoni na miwani yake myeusi juu ya paji la uso.

"Mama Pascaline, gari ya Kabambare inatoka siku ya ine. Nianze kukata chuma, ao tunangoja tena?"

"Utakata kesho asubui, papa Christophe."

"Mashini bado inakasirika?"

"Ni mambo ya Pierre. Nitaimaliza."

Akaimaliza. Akafuta mlinganyo wa Pierre, akaandika moja. Nyekundu ikaondoka palepale, mlingoti ukasimama, kibao kikasogea mbele mahali pake, na baiskeli ikaanza kuzunguka kwenye kioo, nzuri, timamu. Pascaline alicheka peke yake. Christophe alikata, akaunga, akapaka rangi ya buluu, na siku ya nne, yaani Alhamisi, ikapanda lori.

Wiki tatu baadaye Nourdine alirudi. Hakushusha hata mizigo. Aliingia ofisini na simu mkononi.

"Angalia hii, mama Pascaline."

Picha ya kwanza ilikuwa ya msichana mwembamba mwenye sare, amekaa kwenye baiskeli ya buluu, anacheka hadi macho yamefumba. Ya pili ilikuwa ya miguu yake. Haikufika kwenye kibao. Ilining'inia hewani, na vidole vimegeukia ndani. Ya tatu ilikuwa ya kisigino, na Pascaline aliitazama mara moja tu.

"Mbao iko mbali na miguu," Nourdine akasema. "Inaninginia, sasa kisigino inasugua kwa ile chuma ya mbele. Naye hasikie kitu. Alienda masomo nayo siku kumi na mbili, na sokisi kwa miguu, hakuna mutu aliona. Harufu njo ilishitua mama yake."

"Infirmie wa hospitali anasema nini?"

"Anasema kidonda haijafika kwa mufupa. Lakini hakuahidi kama mguu itapona."

Pascaline aliketi. Alifungua jedwali, akatazama arobaini na tatu, thelathini na tisa, halafu akatazama tena picha ya miguu ile mifupi. Siku hiyo mtandao ulikuwa mzima, ukitaka kujua dunia inavyofanya mizaha. Akampigia Pierre.

"Kaka Pierre, mutu moya iko nini?"

"Umeigusa?"

"Niliweka moya, ju ya mutoto wa Lusangi. Nilizania ni ya mbao ya bagaji, kama haiwezi beba watu wawili."

"Hapana, dada. Haiko ya bagaji." Pierre alishusha pumzi. "Ile inauliza kama vipimo vyote vimetoka kwa mutu moya. Ukileta miguu ya huyu na mikono ya mwengine, inakatala."

"Nani ataleta miguu ya mwengine?"

"Kule? Wengi. Kule mutu mwenye kulala hapimwe. Anayepima mutu mwenye kulala ni Bulaimu peke yake, fundi wa mbao wa kule, na anapima ju ya kutengeneza sanduku ya maiti. Sasa mutoto wako hawezi simama. Wanakuambia leta urefu ya miguu yake. Utamulalisha na utamupima? Mama anaogopa. Anasimamisha mutoto mwengine kwa mlango, anapima ule. Ilinipata mara tatu, njo nikaweka ile mutego."

"Sasa ju ya nini hukuandika?"

"Niliandika. Mutu moya. Ningeandika namna gani tena?"

Hapo Pierre naye ana lake la kujibu, na simtetei. Mtu anayefunga mlango na kuondoka na sababu ya kuufunga amefanya nusu ya kazi. Lakini Pascaline, alipokata simu, hakumwaza Pierre. Aliwaza siku mbili za mishale kwenye daftari, na namna alivyocheka.

Christophe alikuwa amesikia. Karakana ya mabati haina siri. Aliendelea kufuta mikono yake na kitambaa kwa muda mrefu kuliko mafuta yaliyokuwapo.

"Utaenda?"

"Kesho, na Nourdine. Nitampima mwenyewe."

"Enda. Lakini sikia mwanangu. Vipimo ya uongo ilitoka kwa ule mama, haikutoka hapa. Mambo ya mashini usimuelezee. Hatayasikia, na itatuchafulia kazi. Watu watasema hatujue kupima."

Alisema kwa upole, kama baba, na hakuna neno lake moja lililokuwa la uongo. Ndiyo maana Pascaline alisafiri nalo. Siku nzima nyuma ya Nourdine, kwenye matope na juu ya magogo ya kuvukia vijito, alikuwa analipima: mama alidanganya, mimi nilipokea. Likaonekana jepesi, kisha zito, kisha jepesi.

Walilala Kabambare, wakafika Lusangi asubuhi, jua limeshapanda. Falonne alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, mgongo ukutani, mguu wa kulia umefungwa bendeji nyeupe na kuinuliwa juu ya mto. Baiskeli ya buluu ilikuwa imegeuzwa na kulazwa nyuma ya nyumba, magurudumu juu. Olga, dada yake mkubwa, msichana wa miaka kumi na minne mwenye miguu mirefu iliyonyooka, aliwaletea viti na kuondoka haraka bila kumtazama mtu. Mama yao akatoka ndani. Arlette kule kwao huitwa mama Olga, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na alikuwa amekonda. Kitambaa chake kilikuwa kimefungwa mara mbili kiunoni na bado kilimlegea.

Hakungoja salamu ziishe.

"Dada, mutusamehe. Mulitumika muzuri, mulituma chuma muzuri, na miye njo niliharibu." Alisema akitazama chini. "Ile miguu haikuwa yake. Nilisimamisha Olga kwa mlango, nikapima Olga. Falonne nilipima mikono tu, akiketi. Nilijiambia, wote ni watoto wangu, miguu haitaachana sana."

"Mama Olga..."

"Acha niseme. Huyu, siku ile walimutoa mu shimo, walimulalisha pale uwanjani, na Bulaimu alikuwa amekuja. Alikuwa na lufito yake ya kupimia. Alingoja. Mutoto alikuwa bado anapumua na ule mutu anangoja na lufito." Akaonyesha uwanja kwa kidevu. "Tangu ile siku sikutaka mutu amunyooshee kitu. Ata kamba. Nikasema, akipimwa amelala, atafuata kipimo. Njo nimemuumiza na mikono yangu. Kila siku ninafunga ile kidonda na ninasema, Arlette, ni wewe."

Pascaline alisikia uso ukimwaka. Mambo yalikuwa yamekuja yamejipanga: mama amekiri, hakuna aliyeuliza zaidi. Alichotakiwa kufanya ni kumshika mkono, kumwambia pole, na kutoa futi kamba mfukoni. Christophe angeridhika. Karakana ingeendelea na jina lake. Na mwanamke huyu angefunga kidonda kesho na keshokutwa akijiambia ni yeye peke yake, kwa maisha yake yote.

Aibu ndiyo iliyomsukuma, si ushujaa.

"Mama Olga, si wewe peke yako. Mashini ilikatala."

Arlette akainua kichwa.

"Nilipoandika zile namba, ilikatala kuchora. Ilisema vipimo ni ya watu wawili. Sikuielewa. Nilizania ni kitu kingine, na siku ya gari ilikuwa inafika. Nikaifunga kinywa. Nilifuta ile neno, nikailazimisha."

"Ilikatala lini?"

"Mbele ya kukata chuma."

"Mbele ya kukata," Arlette akarudia taratibu. "Nourdine alikuwa Kasongo ile siku?"

"Alikuwako."

"Ungemutuma kuniuliza, ningesema. Unasikia? Sikuwa na siri. Ningeulizwa na mutu moya tu, Arlette, hizi miguu ni ya nani, ningesema."

Nourdine alijitia kukagua mnyororo wa pikipiki yake. Arlette alisimama kidogo akimwangalia mgeni wake usoni, akageuka, akaingia ndani, na wakasikia kitu cha bati kikiwekwa chini kwa nguvu.

Walibaki na Falonne. Alikuwa amesikiliza yote bila kugusa neno, kama watoto wanaobebwa wanavyojifunza kusikiliza.

"Tantine," akasema, "mashini ilijua hii miguu haiko yangu?"

"Ilijua."

Akafikiri. "Fundi wa nguo alikuja kwetu ju ya inifomu. Akapima Olga, akapima watoto wa jirani, wote wakisimama. Mimi hakunipima. Nilipewa ya Olga ya zamani." Alivuta ukosi wa sare yake, nao ulimfika begani. "Na godoro yangu walikata na macho tu. Na viatu mama anabahatisha. Tangu nilianguka hakuna mutu alinipima kitu."

"Mama yako anakuogopea."

"Najua." Kisha akapaza sauti kuelekea mlangoni, si kwa hasira, kwa sauti ya mtu anayeomba maji. "Mama. Waache wanipime. Bulaimu alirudi kwake. Mimi sikukufa."

Pascaline alijikuta anaitazama miguu iliyokuwa mbele yake kwenye mkeka, myembamba, mmoja ukiwa na bendeji, na ndipo akatambua kwamba katika siku zile mbili za mishale na safu thelathini na nane hakumwaza hata mara moja msichana huyu akiwa ameketi mahali fulani akingoja. Alikuwa akipigana na Pierre. Macho yalimlowa, akayafuta na mkono wenye vumbi la barabara.

Arlette akatokea mlangoni. Alikuwa amenawa uso. Alimtazama mtoto wake, akamwendea, akamshika makwapa na kumvuta taratibu atoke ukutani, akamlaza chali mkekani. Kisha akamnyoosha mguu usio na bendeji. Falonne alitazama juu kwenye nyasi za paa, akatulia.

Pascaline akapiga magoti upande wa pili, akatoa futi kamba, akaivuta. Hakujua kama anaruhusiwa kugusa. Arlette akamnyang'anya ile ncha yenye sifuri, akaiweka kwenye nyonga ya Falonne na kuibana kwa kidole gumba hadi ukucha ukageuka mweupe.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua, mama Olga."

"Soma."

"Makumi tatu na sita."

"Rudilia. Na usome kwa sauti."

"Makumi tatu na sita," Pascaline akasema, kwa sauti iliyofika hadi uani alikokuwa Olga, na Arlette akaachia nyonga, akasogeza kidole chake hadi gotini.